Ukuta wa Imola

Najua nimepotea wiki mbili. Testi zilitubana, na bumu nalo likachelewa. Nimerudi.

Leo tumewasilisha kazi ya kundi kwenye somo la barabara. Dokta alisema tuchague barabara yoyote duniani tuchambue usalama wake. Rumi wangu, mgonjwa wa Formula 1, akang'ang'ania uwanja wa Imola kule Italia. Mimi niliona utoto, barabara gani isiyopita hata daladala? Nikakubali ili tulale.

Kuna kona pale inaitwa Tamburello. Zamani dereva aliipita bila kuachia mafuta, karibu kilomita 300 kwa saa. Shida ilikuwa pembeni: nafasi kidogo tu, halafu ukuta wa zege. Mwaka 1987 Nelson Piquet aliugonga. Mwaka 1989 Gerhard Berger naye akaugonga, gari likawaka moto, akatoka ameungua mikono. Yaani ilijulikana! Berger mwenyewe alikuja kusimulia kwamba yeye na Ayrton Senna waliwahi kwenda kwa miguu kuuangalia ule ukuta, wakitaka usogezwe. Wakachungulia nyuma yake, wakakuta mto. Wakaona basi, haiwezekani. Tarehe 1 Mei 1994 Senna akagonga hapohapo na kufariki, siku moja baada ya Roland Ratzenberger kufa kwenye uwanja uleule.

Sasa sikilizeni. Kufikia mashindano ya 1995 ile kona ilikuwa imeshakunjwa, kushoto, kulia, kushoto, ili magari yafike pale yamepunguza mwendo. Mto Santerno haujahama mpaka leo. Kumbe kilichotakiwa kusogezwa ni barabara.

Dokta akauliza, "Kwa hiyo kabla ya hapo, kosa lilikuwa la dereva?" Darasa kimya. Rumi ananiangalia mimi, mimi naangalia viatu.

Nilikuwa namuwaza kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Mwaka jana alivunjika paja kwa pikipiki kwenye karavati la kijijini kwetu. Barabara inashuka, inapinda, halafu ghafla inabanwa na kuta mbili za zege. Kila mtu kwetu anapajua, mama akiwa kwenye gari lazima amwambie dereva "polepole hapo". Nilipoenda wodini nilimpa lecture ya nguvu: mwendo ndio umekuponza, nyie vijana wa bodaboda hamsikii. Mimi, msomi wa barabara! Miaka yote napita pale sijawahi hata kujiuliza nani alizichora zile kuta.

Jioni nimempigia. Nikamuuliza siku ile alikuwa kwenye ngapi. Akanyamaza kidogo.

"Arobaini. Si nilikwambia wodini, mdogo wangu? Hukutaka kusikia."

Sikuwa na la kusema, nikamuuliza mguu unaendeleaje. Likizo naenda na futi kamba.