Mbalamwezi ya Miezi Mitatu

Nimezaliwa Ujiji, karibu na ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na kalenda yangu ya kwanza ilikuwa mwezi. Siku za giza baba na wenzake walisukuma mitumbwi jioni, wakawasha karabai huko mbali, nasi barazani tukaziona taa zao zimetanda juu ya maji. Dagaa hufuata mwanga. Wakishakusanyika chini ya taa, wavu huinuliwa kutoka kilindini. Alfajiri mama na shangazi waliwaanika mchangani, sisi watoto tukifukuza kunguru.

Mbalamwezi ikitoka, kazi ilisimama. Mwezi ukiangaza ziwa zima, karabai haina la kumwambia dagaa. Kwa karibu wiki nzima nyavu zilishonwa, mitumbwi ikazibwa nyufa, harusi zikafungwa, baba akaenda kupalilia mihogo. Nikiuliza mbona leo tunakula maharage, mama alijibu, "Ziwa limepumzika, mwanangu." Hakukuwa na askari wala faini.

Nilikwenda kusoma mbali, na kila likizo nilikuta mambo mapya. Mitumbwi iliongezeka, injini zikaongezeka, kisha karabai zikaachia nafasi taa za betri na za sola. Wengine hawakungoja giza tena: walivuta kokoro ufukweni mchana, wengine wakashona vyandarua vikawa nyavu, wakazoa hata vifaranga vya samaki. Migebuka, ambao chakula chao ni dagaa, wakapungua sokoni. Baba alirudi na mtumbwi mwepesi, akakaa kimya.

Si wavuvi peke yao waliolichosha ziwa. Maji ya juu yamepata joto, na maji ya joto huelea juu ya yale baridi bila kuchanganyika nayo vizuri. Rutuba iliyolala kilindini haipandi kama zamani, na vijimea vinavyowalisha viumbe wadogo wanaoliwa na dagaa hupungua. Ziwa linalozalisha kidogo haliwezi kuvuliwa kila siku.

Ndiyo maana mwaka 2024 Tanzania ilipoufunga upande wake wa ziwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, niliunga mkono. Dagaa hukomaa kwa miezi michache tu na huishi kama mwaka mmoja. Miezi mitatu ni sehemu kubwa ya maisha yake, inatosha wengi kukua na kutaga.

Lakini nilikuwa nyumbani miezi ile, na niliona gharama yake. Dada yangu huanika na kuuza dagaa. Mkopo wa kikundi ulimngoja kila wiki kama kawaida, na vichanja vyake vilikauka vitupu. "Kaka, samaki wanapumzika," aliniambia, "lakini marejesho hayapumziki." Sikuwa na jibu. Baba alikuwa na shamba la mihogo la kumvusha mbalamwezi, dada hana.

Ziwa lilipofunguliwa, beseni la kwanza alilonunua lilikuwa na dagaa wakubwa, wenye mafuta. Beseni moja halithibitishi kwamba ziwa limepona, na msimu mmoja hautoshi. Dagaa aliyeachwa kwetu Kigoma anaweza kuvuliwa Rumonge, Burundi, au Kalemie, Kongo, hivyo Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia hazina budi kufunga pamoja.

Mimi nasema ziwa lifungwe kila mwaka, na matayarisho yaanze mapema: vikundi visogeze marejesho, waanikaji wapate mtaji wa kazi nyingine, kokoro na vyandarua vikomeshwe hata ziwa likiwa wazi. Nawe msomaji, ukiwekewa mezani dagaa wachanga waliozolewa kwa chandarua, usiwanunue. Wazee wetu walilipumzisha ziwa kila mwezi, wakatuachia samaki. Nasi tuna watoto wa kuwaachia.