Namba Iliyoitwa Tasa

Chukua mbili 67, zizidishe zote, kisha toa moja. Unapata 147,573,952,589,676,412,927, tarakimu 21. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Ikakaa humo miaka 232.

Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba si tasa. Ila hakuonyesha kigawo hata kimoja. Wenzangu wa uzamili wameshachoka kunisikia nikirudia sehemu hii. Jaribio tunalotumia leo, ambalo Lehmer alilinyoosha baadaye kutokana na kazi ya Lucas, halitafuti vigawo kabisa. Unaanza na 4. Unaizidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawanya kwa namba yetu na kushika baki tu. Unarudia hivyo mara 65. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Kwa hii, si sifuri. Basi. Unajua ina vigawo, na huvijui.

Vilikuja kujulikana mwaka 1903, New York. Inasimuliwa kwamba Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni mbele ya wanahisabati wenzake bila kusema neno, akaikokotoa namba hiyo, kisha pembeni akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Inasemekana kazi ile ilimla Jumapili za miaka mitatu. Simu yangu huimaliza kufumba na kufumbua, lakini simu haina Jumapili.

Kiingereza na Kifaransa huziita namba za kwanza. Sisi tumezipa jina la mwanamke asiyezaa, na jina hilo halijawahi kunikaa sawa. Kila namba nzima inayozidi moja ama ni tasa, ama imetokana na tasa zilizozidishwa. Hakuna zenye uzazi kuliko hizo.

Mama mdogo, aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, aliachika baada ya miaka sita ya ndoa kwa sababu ya neno hilohilo. Ndiyo maana kwake nilizoea kusema “namba zisizogawanyika.” Juzi akataka jina lake la vitabuni. Nikamtajia, nikaharakisha kumsimulia ya Mersenne. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua macho.

“Huyo mtawa, alipoiita tasa, alikuwa ameipima?”

“Hapana, mama. Wakati wake hakukuwa na njia ya kuipima namba kubwa hivyo.”

“Sisi njia ilikuwepo,” akasema. “Hospitali ilikuwa pale karibu na stendi. Mimi nilikwenda. Yeye hakwenda.”

Akaokota chuya moja, akaitupa nje.