Kimya cha Sungura

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliyezoea kuinamia vitabu vya fasihi, mwaka 2023 niliinama mbele ya kipakatalishi ili nijifunze uhuishaji. Azma yangu ilikuwa moja: kuitia uhai ngano ya Sungura na Fisi ambayo marehemu nyanya yangu alinisimulia kule Vanga, kwa Kivumba chake kitamu. Ngano hiyo pia ni sehemu ya data ya tasnifu yangu ya uzamili.

Niliichagua programu ya Blender kwa kuwa haitozwi ada. Msimbo wake umekuwa wazi kwa umma tangu mwaka 2002. Mwezi wa kwanza ulikuwa wa mateso. Humo, umbo hujengwa kwa nukta. Nukta zikaunganishwa kwa mistari, mistari ikazaa nyuso. Sungura wangu wa kwanza alifanana na gunia la viazi lenye masikio. Nilipomtia mifupa na kumwamuru ainue mguu, sikio ndilo lililoinuka. Wenzangu bwenini walicheka hadi machozi.

Hatimaye alitembea. Hapo ndipo nilipokabiliwa na swali ambalo sikuwahi kuulizwa katika semina yoyote. Filamu kwa kawaida huhitaji picha 24 kwa kila sekunde, na mhuishaji sharti aamue kila tendo litachukua picha ngapi. Katika ngano ile, Fisi anauliza, "Nyama iko wapi?" naye Sungura ananyamaza kabla ya kujibu. Je, ananyamaza kwa picha ngapi?

Nikaifungua rekodi ya nyanya ili nipime. Hapakuwa na kimya chochote. Nilipokumbuka sababu, moyo ulinipasuka. Nilipokuwa nikiyanakili masimulizi yale, nilizikata nyakati zote za kimya kwa kuzidhania kuwa upotevu wa muda, kisha nikaifuta rekodi asilia. Katika tasnifu yangu, mahali pa kimya kile pana nukta moja tu.

Nilimpigia shangazi simu. "Mwanangu," akasema, "mama hakuwa na kipimo. Alikuwa akinyamaza mpaka mmoja wenu aulize, 'Halafu?' Msipouliza, hadithi imelala."

Tangu shahada ya kwanza nimefundishwa kuwa hadhira ni sehemu ya utendaji. Nimelijibu swali hilo mtihanini na kulipata. Kumbe hadhira iliyoushika urefu wa kimya kile nilikuwa mimi mwenyewe, mtoto niliyeketi mkekani, nami sikujua!

Basi nikaikata filamu vipande viwili. Cha kwanza hukoma Sungura akiwa amekodoa macho, masikio yamemsimama. Cha pili hakianzi mpaka mtazamaji aulize, nami nibonyeze kitufe. Niliwaonyesha wajukuu wa shangazi. Walitazamana, wakanitazama, na mdogo wao kuliko wote akashindwa kuvumilia: "Halafu?"

Sura ya tatu ya tasnifu yangu sasa naiandika upya. Kimya cha nyanya sitakipata tena, na hilo litabaki kuwa deni langu kwake. Nanyi wenzangu mnaokusanya fasihi simulizi, nawasihi mzihifadhi rekodi zenu nzima nzima: pamoja na kikohozi, kuku wapitao uani, na kimya.