Kabla Hujanunua Kompresa Nyingine, Pima Ile Nafasi

Kwanza niwaambie mapema: hakuna video ya hii kitu. Najua mmenizoea na video, lakini dakika ya tatu ya kazi baba aliniangalia akaniambia, "Simu weka kando, lete tochi." Kwa hivyo leo mtasoma tu. Vumilieni.

Baba yangu anaendesha teksi ya programu hapa Mombasa. Gari ni ya mkono wa pili kutoka Japani, stesheni wagoni nyeupe, zile ambazo ukiita teksi yako pale stesheni ya SGR Miritini unaona kumi zinafanana. Kazi yake kubwa ni kubeba watu wa Diani, na akienda Diani huwa anavuka Likoni. Kama hujawahi kukaa kwenye foleni ya feri saa nane mchana mwezi wa pili, gari haisongi, upepo hakuna, shukuru Mungu. Sasa fikiria umekaa humo, AC inapuliza hewa ya moto usoni kwako, na nyuma kuna mama mwenye mtoto mchanga aliyelipia gari yenye AC.

Hivyo ndivyo nyota za baba zilianza kushuka. Watu hawakumtukana, walikuwa wanashuka tu kimya, halafu jioni anaona amepewa tatu. Wengine mbili.

Akaenda kwa fundi. Fundi akasema gesi imeisha, akaweka, 3,500. AC ikawa baridi mpaka baba akafurahi. Wiki moja baadaye, pale pale kwenye foleni ya Likoni, moto tena. Akarudi, akawekewa gesi nyingine, 3,500 nyingine. Mara ya tatu fundi akasema kompresa imekufa, tafuta nyingine, pamoja na kazi na gesi andaa 25,000.

Na hapa ndipo mimi naingia, na siingii vizuri. Baba alinikuta sebuleni usiku, akakaa kando yangu, akauliza kama ile pesa ninayoweka ya laptopu imefika ngapi. Baba hajawahi kuniomba pesa, hata mia. Nikamwambia, "Ngoja niangalie, baba." Nilikuwa najua kabisa imefika ngapi. 31,000. Walahi, sikuanza kusoma mambo ya AC ili nimsaidie. Nilianza kusoma nikitafuta sababu ya kutotoa pesa yangu. Aibu, lakini ndio ukweli.

Kitu cha kwanza nilichojifunza kilinikasirisha. Gesi ya AC ya gari haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka. Kama imepungua sana, imevuja mahali, na mtu akikuongezea bila kutafuta inapovuja, amekuuzia wiki mbili tatu za baridi. Na yetu haikuwa hata inavuja. Ilikuwa baridi asubuhi, baridi usiku, na inakufa gari ikichemka kidogo. Gesi iliyovuja hairudi asubuhi, wadau.

Simchukii fundi. Kila mtu anayekuja kwake anakuja na haraka na neno moja, "niwekee gesi". Ukimwambia akuachie gari siku nzima uipime, anaenda kwa jirani. Lakini 7,000 zilikuwa zimeshaenda.

Sasa sikilizeni vile hii kitu inafanya kazi, ni rahisi kuliko inavyosikika. Kompresa ina puli mbele, na ile puli inazungushwa na belti wakati wote injini ikiwaka, uwashe AC usiwashe. Mbele ya puli kuna sahani ya chuma, na ndiyo imeshikana na kompresa yenyewe. Nyuma ya puli kuna koili. Ukibonyeza AC, umeme unaingia kwenye koili, koili inakuwa sumaku, sumaku inavuta sahani inagandana na puli, tk!, kompresa inaanza kuzunguka. Hiyo ndiyo klachi. Ukizima, sumaku inaachia, sahani inarudi.

Kati ya sahani na puli lazima kuwe na kanafasi. Kompresa nyingi hutaka kati ya milimita 0.3 na 0.6 hivi, yako angalia kitabu cha gari. Lakini kila mara sahani inapokamata, inalika kidogo. Miaka kumi ya kukamata na kuachia, nafasi inapanuka. Na koili ni waya wa shaba, na shaba ikipata joto inakataa umeme zaidi, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Joto likipanda digrii 60 pale chini ya boneti, hiyo ni karibu robo. Sumaku imechoka, na sahani imekaa mbali. Asubuhi inafikia, mchana haifikii.

Jumapili nikamwambia baba tuijaribu. Tukawasha gari ikakaa na AC karibu saa nzima juani mpaka ikafa. Baba ndani, mimi kwenye boneti na tochi, mikono mbali na belti. (Kuna watu mtandaoni wanasukuma ile sahani na mti injini ikiwa inanguruma. Usifanye. Belti haijui kidole na mti.) Nikapiga kelele "Washa!" Puli inazunguka, sahani imesimama tuli. Nikapima waya wa koili na mita ya jirani: umeme unafika, zaidi ya volti 12. Kwa hivyo si fyuzi, si gesi. Ingekuwa gesi imekwisha, swichi ya presha ingekata umeme usifike hapo kabisa.

Tukaacha injini ipoe. Tukatoa waya hasi wa betri, tukainua gari, tukaiweka kwenye stendi za kuazima, si jeki peke yake, tukatoa tairi la mbele. Nikapima nafasi na zile bapa nyembamba za chuma za kupimia, nilizinunua duka la spea kwa 400. Zilizoingia ni 0.9.

Kazi yenyewe ni bolti moja. Spana ya 10, katikati ya sahani. Shida ni kwamba ukifungua, sahani inazunguka na wewe. Baba akachukua belti kuukuu, akaizungusha kwenye sahani, akakaza na plaizi, mishipa imemtoka shingoni. "Vuta, mwanangu!" Bolti ikalia, ikaachia. Sahani ikatoka, na ndani kulikuwa na vipete viwili vyembamba vya chuma, kimoja 0.5, kingine 0.3. Hivyo ndivyo vinaweka umbali. Ukitoa kimoja, sahani inasogea karibu. Mabomba ya gesi hatukuyagusa hata kidogo, na wewe usiyaguse. Ile gesi ina presha, ikikurukia inagandisha ngozi.

Mimi, kwa akili nyingi, nikatoa vyote viwili. Niliona kama karibu ni kuzuri, karibu zaidi ni kuzuri zaidi. Sikupima tena, nikafunga. Tulipowasha gari, AC ikiwa imezimwa, chuma kikaanza kulia kama paka amekanyagwa. Nafasi ilikuwa imebaki 0.1, sahani inasugua puli. Baba akazima haraka. Hakusema kitu. Mimi hapo nilikuwa naona laptopu yangu inaondoka, na pengine kompresa nayo nimeimaliza mimi mwenyewe.

Tukafungua tena, yote, kuanzia betri. Nikarudisha kile cha 0.3, nikafunga, safari hii nikapima pande tatu. 0.4, 0.4, 0.4. Tukawasha, kimya. Akabonyeza AC: tk!

Sasa msikimbie kufungua magari ya wazazi wenu na kuniletea lawama. Kama puli inanguruma, hiyo ni beringi. Kama koili imeungua na inanuka, kipete hakitakusaidia. Na kompresa zingine hazina hata hii klachi. Lakini ukiambiwa 25,000, kuuliza "umepima nafasi ya klachi?" ni bure.

Jumatatu nilimsindikiza baba Likoni, saa nane, foleni mpaka huku juu. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Nilikuwa nasikiliza ile tk yake kila inapokamata. Haikukosa hata mara moja.

Baba akasema bila kuniangalia, "Lakini ungenipa?"

Nikamwambia ningempa.

"Mmh," akasema, akaongeza feni.