Andika Jina Nyuma ya Picha



Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza. Wateja wengine huniletea picha ya zamani na kusema, "Nishonee gauni kama hili la bibi." Kazi hiyo naipenda, maana picha inanionyesha mkono ulivyokatwa na mtandio ulivyokaa. Ila nikiuliza, "Na huyu wa kushoto ni nani?" jibu mara nyingi ni, "Sijui. Bibi ndiye angejua, naye ameshatangulia mbele ya haki."

Hilo linaniuma. Picha nyingi zilizopigwa na wageni enzi za ukoloni zimeandikwa "mwanamke wa Kisukuma" au "mwanamke wa Kiswahili", basi. Mama yule alikuwa na jina, na wazazi, na watoto. Mpiga picha hakuuliza. Nasi tukiacha picha zetu bila majina, tunawafanyia bibi zetu yaleyale.

Wapo waliojitahidi kutunza. Huku kwetu tuna Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, kituo kilichoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950. Huko Unguja, Mji Mkongwe, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha zake zimebeba sura za vizazi. Lakini makumbusho hayawezi kujua jina la shangazi yako. Hilo ni jukumu letu.

Kwa hiyo, bi harusi, kabla ya shughuli yako, kaa na bibi jioni moja na picha zake. Andika nyuma kwa penseli laini, si kalamu ya wino: jina, ukoo, mahali, mwaka. Kisha ipige kwa simu, nakala ikae kwa ndugu wawili. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipofurika, maji yaliingia majumbani. Picha isiyo na nakala ikilowa imekwenda.

Na stara tusiisahau. Picha ya bibi akiwa kichwa wazi ndani kwa wanawake wenzake si ya kurusha mtandaoni. Muulize mwenyewe nani aione, na hilo nalo liandike.

Allah awarehemu waliotangulia, na awajaalie maharusi wetu ndoa zenye kheri. Amin.