Kadi Zilizopitia Kaunta

Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipofariki Februari 2025, kundi letu la WhatsApp la watu wa Ronge, huku Taita, lilijaa mishumaa na rambirambi. Mpwa wangu naye akaweka yake, kisha akaniandikia pembeni: "Mjomba, kwani huyu mzee alikuwa nani?" Aomboleze kwanza, aulize baadaye! Na marehemu, katika kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?", alikuwa akituuliza redioni tangu 1966 kama huo ni ungwana.

Nilimjibu kwa habari za redio ya enzi zile na kadi zake za salamu, ambazo hakuziomba. Naona ilikuwa 1984, maana nakumbuka ugali wa mahindi ya njano ya mwaka ule wa ukame. Dada yangu anashikilia 1986. Haidhuru. Kadi tulizinunua kwa mama mmoja Ronge Juu, katika duka lililonuka mafuta ya taa, ugoro na mkate uliopanda na gari la asubuhi kutoka Voi. Unajaza jina lako, mahali ulipo, majina ya unaowasalimu na ujumbe. Kadi inakwenda posta, inafika Sauti ya Kenya, nanyi mnasubiri majuma, betri za redio zimeanikwa juani zipate nguvu za jioni.

Mama yule hakukuachia kadi hivi hivi. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi, akasoma ulichoandika kwa sauti mbele ya wateja. Ukimsalimu mke wa mtu, utaeleza mnajuana vipi. Ukimpiga mtu vijembe, unarudishiwa kadi uandike upya, na ya pili unailipia. Sisi wavulana hatukumpenda hata kidogo. Lakini siku jina la baba liliposomwa hewani, ni yeye aliyeacha sukari kwenye mizani akatoka mbio kumwita shambani. Kuna wasalimiaji waliojulikana nchi nzima kwa kadi tu. Wakaunda vyama, wakazuru wagonjwa ambao hawakuwahi kuwaona. Leo naambiwa intaneti ndiyo iliyompa mwananchi wa kawaida sauti. Vipindi vile vilijazwa na nani?

Mengine yalikwenda mbio. Zikaja saiba za intaneti Voi, shilingi kwa dakika, nauli ikizidi gharama ya barua pepe yenyewe. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wakaanzisha tovuti ya Ushahidi, mwenye simu akaweza kutuma alichokiona kikawekwa kwenye ramani. 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, kisha simu za bei nafuu zikapanda milima.

Sasa ndovu wakitoka Tsavo wakaingia shamba la mtu Ronge Nyika, picha inatufikia kabla hawajamaliza mahindi. Hilo nalishukuru. Ila majuzi kundi lilimtangaza mwalimu wetu mstaafu kuwa amefariki, mchango ukaanza, kumbe mwenyewe yuko Mwatate anakunywa soda. Ilibidi atume picha ameshika gazeti la siku hiyo. Mmoja akauliza hiyo picha ni ya lini. Mweka hazina naye hajanirudishia mia mbili yangu mpaka leo.