Vumbi Lenye Sababu

Stesheni yangu ya Voi, iliyokaa juu ya meza ya plaiwudi, imekwisha kupata sura tatu, na kila moja niliipenda kwa zamu yake. Ramani haikubadilika: ni Voi ya miaka ya 1960, njia kuu ya Mombasa na Nairobi, pamoja na lile tawi la Taveta lililojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kila kitu nimekipunguza mara 87, hivyo reli ya mita moja imebaki na upana wa milimita 12 hivi. Kilichobadilika ni kazi ya mwisho, ile inayofuata nyaya zikishaungwa na treni ikishatembea.

Mwanzoni, kumalizia kulikuwa ni kupamba tu. Nilimwaga nyasi za dukani, kijani kibichi kama lawni ya hoteli, nikapaka kuta za stesheni chokaa nyeupe pe. Injini yangu ilikuwa ya daraja la 59, katika zile 34 zilizoundwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ile ya kweli ilikuwa na uzito wa tani 252. Yangu inakaa kwenye mikono miwili. Niliipaka rangi ya damu ya mzee, nikaifuta mpaka ikang'aa. Wageni walikuwa na swali moja tu: inakwenda mbio kiasi gani?

Halafu safari ikanipitisha Voi yenyewe, nikarudi na mfuko wa udongo mwekundu. Kuutayarisha kuna kazi yake. Unauanika juani, unauchekecha kwa chujio la chai, unaurudia kwa soksi ya nailoni mpaka uwe laini kama poda. Kisha unapitisha sumaku iliyofungwa karatasi. Chembe nyeusi zinaishikilia karatasi, na ni lazima uziondoe, maana zikibaki zitavutwa na mota za injini na kuziharibu. Udongo ukishatandazwa, unaudondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, pamoja na tone la sabuni ya vyombo ili gundi izame isielee. Nyasi za dukani nilizibandua. Badala yake nikakata nyuzi za kamba ya katani, zao ambalo Taita wanalijua vizuri, na rangi yake ni ile ile ya nyasi za kiangazi.

Udongo ukaninogea. Nikapaka vumbi mabati, mabehewa, injini, hata kofia ya stesheni masta.

Aliyenizindua ni mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli aliyewahi kuwa msaidizi wa dereva enzi za mvuke. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu.

"Kijana wangu, hii injini imetoka wapi?"

"Mombasa, mzee."

"Imetoka Mombasa, vumbi limejaa mgongoni, na magurudumu ni safi?"

Akavuta kiti, akaanza kunieleza. Baadhi ya madereva waliokuwa na injini zao za kudumu walizing'arisha mwili mzima. Uchafu ulikaa chini, kwenye magurudumu na breki. Injini hizo zilichoma mafuta, si makaa, kwa hiyo jivu lisionekane popote. Michirizi myeupe hutokea pale maji yanapovuja na kukauka. Na kokoto hazina rangi moja: treni zinapofunga breki huingia hudhurungi ya unga wa chuma, na injini inaposimama kunywa maji huwa nyeusi kwa mafuta.

Nikaanza upya, na safari hii kila doa lilikuwa na aliyelileta. Mwili wa injini niliuosha, magurudumu nikayaachia vumbi. Kokoto za mwisho wa jukwaa nikazitia weusi kwa brashi ya nywele chache. Kwenye njia kuu sikuacha hata unyasi mmoja. Kwenye njia ya pembeni katani ikaota kati ya mataruma. Kutu niliipaka ubavuni mwa reli tu, kwani umeme wa kuendeshea treni hupitia juu yake.

Siku hizi wageni hawaulizi mbio. Wanauliza tawi la Taveta hupitiwa na treni ngapi, nami nawaambia watazame kutu, wahesabu wenyewe.